Nani Aliutuma Moshi

Sajenti Mhoja tulimzika Didia mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake, mahali alipokuwa akilima mihogo tangu alipostaafu. Nilitoka Kahama na basi la asubuhi, na nilipofika nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni kuchambua mchele na wanawake wengine. Walizungumzia bei ya pamba, wakwe, na mvua iliyogoma kunyesha, kama watu wanavyozungumza msibani mpaka jeneza lifike. Nilipotoka kupunga upepo nilimwona mzee aliyevaa kofia ya kiua, kiti chake kimesogezwa pembeni mwa turubai. Nilimsalimia bila kujitambulisha, na yeye, ambaye macho yake sasa yameingia ukungu, aligeuza shingo kuifuata sauti. "Leti? Leti wa mochwari?" Nikasema ndimi, Baba Zaituni, shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Basi tumebaki wawili." Akanishika mkono na hakuuachia. Daktari Kaijage alitangulia zamani, kwao Bukoba. Tulikuwa wanne katika mwaka ule mmoja wa Geita, na sijui kama kuna kazi nyingine niliyoifanya maishani iliyonifinyanga kama ile, ingawa matokeo yake makubwa kuliko yote yalikuwa mwanamke tuliyeshindwa kumwokoa.

Nilikuwa binti mwenye cheti kipya cha ustawi wa jamii nilipopangiwa hospitali ya serikali pale mjini. Nilidhani nitashughulika na watoto waliotelekezwa na wazee wasio na ndugu. Siku ya kwanza Daktari Kaijage, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi umsogelee, alinipitisha nyuma ya wodi ya wanaume mpaka kwenye jengo la mwisho, akafungua chumba chembamba chenye rangi ya kijani hadi usawa wa kifua na nyeupe kwenda juu. Kulikuwa na meza, mabenchi mawili na dirisha moja. Nyuma ya ukuta jokofu la maiti lilikuwa likinguruma. "Utakaa hapa," akasema. "Wafu nina mtu wa kuwaangalia. Wanaokuja kuwafuata ndio hawana mtu." Ule mngurumo niliuzoea katika wiki ya kwanza. Nilichochelewa kukizoea ni ukimya wake umeme ulipokatika, kwa sababu hapo sote tulijua tunakimbizana na joto, na Baba Zaituni angetoka mbio kwenda kuliamsha jenereta.

Huyo Baba Zaituni, Ramadhani kwa jina lake, alikuwa mwenyeji wa Ujiji. Alikuja Geita kuchimba, mgongo ukamshinda, akaomba kazi ya kuhudumia mochwari ambayo wenzake waliikimbia. Aliongea na maiti. Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa, kisha nikamsikiliza vizuri: alikuwa akiomba radhi. "Samahani bwana, nakugeuza upande wa kulia. Samahani mama, maji ni ya baridi." Sajenti Mhoja yeye alitoka kituoni kila asubuhi kwa baiskeli, kofia yake imebanwa nyuma na mpira, kwa kuwa kila kifo kilichotokea nje ya kitanda kilipita mikononi mwake. Alikuwa Msukuma wa Didia, mnene kidogo, mcheshi kituoni na mkimya kwetu. Tulikutana wanne kwenye meza yangu, tukanywa chai ya maziwa na michembe ambayo mke wa Mhoja aliichemsha na karanga, viazi vile vikavu vinavyotafunwa taratibu, na tulipokuwa tukitafuna tulimtaja kila aliyelala nyuma ya ukuta. Huyu ni nani? Amekufaje? Kwao wameshaambiwa? Nani atawaambia, na atasema nini kwanza? Daktari hakuruhusu mtu yeyote aondoke mezani kabla swali hilo la mwisho halijajibiwa.

Wengi walikuwa wachimbaji wadogo. Duara, yale mashimo wanayochimba kufuata mwamba, liliporomoka kwa sababu magogo ya kushikilia kuta yameoza, au kamba ilikatika, au mtu aliteleza. Waliletwa kwenye maturubai nyuma ya magari ya kubebea mawe, udongo mwekundu masikioni, na mara nyingi wenzao walilijua jina moja tu la machimboni: Chuma, Kipusa, Paroko. Mhoja angekaa na wale wenzao kwenye benchi akawauliza mambo madogo madogo. Alikuwa akitukana kwa lugha gani akigongwa kidole? Alikuwa hali nini? Aliwahi kumtaja dada? Kutoka humo tulipata wilaya, kutoka wilaya tukapata kata, mimi nikapiga simu kwa mtendaji, na siku iliyofuata mama mmoja angeshuka basi akiwa ameshikilia kanga yake mdomoni. Nimeshuhudia akina mama wengi wakiingia chumba kile cha kijani. Hakuna aliyelia kwa namna ya mwenzake.

Masanja aliletwa kiangazi, pamoja na kijana mwingine aliyeitwa Saidi, mtu wa Singida. Wa tatu wao, Juma, alifika akiwa hai na akalazwa wodini. Duara lao halikuwa limeporomoka. Maji yalikuwa yamejaa chini, wakashusha mashine ya petroli ya kuvuta maji, wakaiwasha kule kule chini na wao wakaendelea kugonga mwamba kando yake. Juma alisema kichwa kilianza kumgonga, akapanda kamba kwenda kutapika. Alipochungulia tena, wenzake walikuwa wamekaa wameegemea ukuta kama wanaongea. Baba Zaituni alipowaosha hawakuwa na mchubuko. Na kilichotushangaza, mimi na yeye, ni nyuso zao. Maiti hupauka, huwa kama majivu. Hawa midomo na kucha zao zilikuwa nyekundu, na viganja vyao, weusi kama walivyokuwa, vilikuwa na rangi ya mtu aliyetoka kukimbia. Daktari aliwatazama kwa muda mrefu. "Moshi," akasema. "Nitahitaji damu."

Ndugu wa Masanja walifika siku ya pili kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Didia, ambacho sitakitaja. Alikuja kaka yake, Sita, kijana mwenye mabega mapana na koti la suti lisilo na vifungo, na baba yao mkubwa, Mzee Nkwabi, aliyetembea kwa fimbo. Baba Zaituni aliwafunulia uso. Mzee alivua kofia. Sita alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Huyu hajafa," akasema. "Mtazameni midomo. Huyu hajafa!" Kisha akatoka nje kabla hatujamjibu. Mhoja alipomfuata kumweleza kwamba daktari lazima aupime mwili, alikataa katakata: ndugu yake hatakatwa na kisu cha mtu yeyote, wanamchukua hivyo hivyo. Mzee naye akaunga mkono. Sheria ilikuwa upande wetu, Mhoja angeweza kutoa amri na mambo yakaisha. Alikuja kukaa mezani kwangu, akaipangusa kofia yake kwa kiganja. "Nikiwalazimisha watasema tumemficha kitu. Tuwape mpaka mchana."

Mchana ule nilikwenda kula kwenye kibanda cha mama ntilie kilichoegemea ukuta wa hospitali. Nakumbuka sahani: ugali wa udaga wa mihogo, dagaa waliokaangwa na nyanya, mlenda pembeni. Nilikaa nimeupa mgongo mlango, na Sita na baba yake mkubwa wakaja wakakaa nyuma yangu bila kunitambua. Waliongea Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga safari. Sita alisema mwili usio na jeraha na uso mwekundu namna ile hauna maelezo mengine: Masanja amechukuliwa msukule, analimishwa shamba la mtu, kilichomo mle ndani ni gogo tu lililopakwa sura yake. Na aliyemchukua si mgeni. Ni Nyamizi, mama mdogo aliyemlea, ambaye macho yake yameiva kwa ubaya, na ambaye alimnung'unikia Masanja alipoondoka kwenda machimboni. Mzee akauliza kwa upole, kama baba kwa mwanawe, "Una uhakika, ng'wanawane?" Sita akajibu kwamba wakishazika yeye atajua la kufanya, na kwamba wapo watu wa kuifanya kazi hiyo. Mimi ni mtoto wa ukanda ule, nilijua kazi hiyo ni panga. Nilijua pia macho yanavyokuwa mekundu kwa mwanamke aliyepikia samadi ya ng'ombe umri wake wote kwa kuwa kuni zimekwisha.

Niliacha sahani, nikaenda kuwaambia wenzangu. Hakuna aliyesema haituhusu. Hilo ndilo ninalopenda vijana wanaoanza kazi hii walisikie: daktari angeweza kusema kazi yake ni maiti, Mhoja angeweza kusema kijiji kile kiko mkoa mwingine, na Baba Zaituni, mhudumu tu na mgeni katika ukanda ule, alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Tulikaa tukaulizana, kama tulivyokuwa tukiulizana kila asubuhi, nani ataambiwa nini na nani atasema. Baba Zaituni ndiye aliyetaka tuwaingize ndani wote wawili waone wenyewe kila hatua. Daktari akakubali asitumie kisu. Sindano ingetosha kwa lile tulilohitaji. Mhoja angefasiri. Mimi ningekaa karibu na mzee, kwa sababu mzee ndiye aliyeuliza kama kuna uhakika.

Waliingia. Daktari aliwafunulia Masanja mpaka kifuani, akawaonyesha kucha, akaivuta midomo taratibu wakaona fizi. Alimwomba Mzee Nkwabi auguse mkono, naye akaugusa. "Baridi," mzee akasema. "Mzito," akasema tena, kana kwamba alitarajia wepesi wa gogo. Kisha daktari akachoma sindano, akatoa damu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha: nyekundu ya kung'aa. Baba Zaituni akaleta chupa nyingine ya mtu aliyefia wodini siku ile kwa homa, nayo ilikuwa nyeusi nyeusi kama ya kila maiti. "Moshi wa injini ukijaa mahali pasipo na hewa," daktari alisema, akinyamaza kila mara kumpisha Mhoja, "unaingia kwenye damu na kuing'ang'ania. Mtu hakabwi. Labda kichwa kinamgonga, kama alivyosema Juma. Analegea tu, analala. Damu inabaki hivi hata baada ya kufa. Mtoto wenu amekufa, mzee wangu. Pole sana. Hayuko shambani kwa mtu." Ndipo Mhoja alipofanya kitu ambacho hatukuwa tumekipanga. Alikwenda kwenye meza ya pili akafunua uso wa Saidi, ambao ulikuwa mwekundu vile vile. "Na huyu Mnyiramba wa Singida," aliuliza kwa Kisukuma, "naye alilelewa na Nyamizi?"

Jina lile, likitoka mdomoni mwa askari, liliwashtua. Mzee Nkwabi aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimemshika kiwiko alipoanza kulia, kilio cha mtu anayelia maiti yake na si cha mtu anayetafuta adui. Sita hakulia. Alimtazama daktari machoni, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Daktari, wewe umesoma. Moshi nimeuona. Lakini mashine hiyo waliiwasha siku nyingine wakapanda salama. Siku hii nani aliutuma moshi?"

Daktari Kaijage alijaribu kueleza juu ya upepo, na kina cha shimo, na muda walioshinda chini. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililojibu alichoulizwa. Nimeshahudhuria semina nyingi tangu wakati ule, nimesikia wataalamu wakisema elimu itamaliza mauaji ya vikongwe, na kila mara nakumbuka chumba kile na swali lile. Sita hakuwa mjinga. Alikuwa na uchungu usio na mtu wa kulaumiwa, akamtafuta mtu huyo, na kwake moshi haukutosha.

Tuliusindikiza mwili, mimi na Mhoja, tukiwa tumekaa nyuma ya pikapu kwenye vumbi la kiangazi. Mhoja aliongea na mwenyekiti wa kijiji na sungusungu, akasema mbele ya watu wote makaburini daktari ameona nini, akasema serikali inamjua Nyamizi kwa jina. Yeye mwenyewe walikuwa wamemzuia asikaribie. Nilimkuta jikoni kwa jirani, mwanamke mdogo wa umbo, akiwa amejikunyata juu ya kigoda, kitenge kimefunika kichwa. Nilimsalimia shikamoo na akajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyesahau kusalimiwa. Aliuliza jambo moja tu. "Aliumia?" Nikamwambia hapana, mama, alilala. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha Mzee Nkwabi akaja mwenyewe, fimbo mkononi, akamwambia, "Shemeji, njoo umuage mtoto wako," akampitisha katikati ya watu, na hakuna aliyethubutu kuwazuia. Aliweka kiganja kwenye shavu la Masanja. Tulirudi Geita tukiwa karibu na furaha. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwomba Nyamizi ahamie Geita, kwenye makao ya wazee. Alisema ana kuku, na kaburi ni jipya.

Walimuua mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi, akienda lamboni kuchota maji. Sitaeleza zaidi. Simu ilimfikia Mhoja tukiwa mezani. Aliweka kikombe chini, akasema, "Nyamizi," na Baba Zaituni akatamka maneno ya Waislamu ya msiba, na daktari akasimama akaenda kusimama dirishani. Kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Familia ilitaka kuzika siku hiyo hiyo. Aliyezuia alikuwa Mzee Nkwabi: alikaa juu ya udongo wa shimo walilokuwa wameanza kulichimba, akasema watakaomzika wamzike na yeye. Akakaa pale mpaka polisi walipofika kutoka mjini. Yule yule aliyekataa mtoto wake kuguswa na kisu ndiye aliyewaambia, "Nataka apimwe. Nataka daktari aseme, na iandikwe." Sisi wanne tuliomba ruhusa tukaenda Shinyanga, kwenye hospitali ulikopelekwa mwili. Hatukuwa na kazi rasmi pale. Daktari alisimama kando ya mwenzake aliyeupima mwili. Baba Zaituni aliushona vizuri, akimwomba radhi kila hatua. Wanawake wa ukoo walikataa kumwosha, basi nilimwosha mimi na yule jirani mwenye jiko. Nywele zake zilikuwa laini kama za mtoto.

Nilimuuliza mzee, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za hospitali na mkate ambao hakuna aliyeutafuna, kwa nini anafanya hivi, akijua jina atakalowaambia polisi. "Ningekuwa sikuingia mle ndani, ningenyamaza kama wengine," akasema. "Lakini niliingia. Nilimgusa. Nitasema sikugusa?" Kesi ilichukua muda mrefu, na alipopanda kizimbani alimtaja Sita mbele ya Sita, kisha wale waliotumwa. Walifungwa. Yeye aliporudi kijijini watu hawakumwamkia tena, ng'ombe wake hawakuchungwa pamoja na wa wengine, na mwishowe alihamia Kahama kwa binti yake, akafia huko. Niliwahi kumtembelea. Hakuwahi kuniambia kwamba alijuta, wala kwamba hakujuta.

Watu wakiniuliza kwa nini niliendelea na kazi hii miaka yote hii, wanatarajia niwatajie tuliowaokoa. Wapo. Lakini kinachonijia ni mazishi ya Nyamizi. Tulikuwa wachache: sisi wanne, Mzee Nkwabi, jirani, katekista aliyekuja kwa pikipiki, na askari wawili waliosimama mbali kwa usalama wetu. Wanakijiji walitutazama kutoka kwenye maboma yao. Mhoja na Baba Zaituni walichimba, daktari akapokezana nao, viatu vyake vya ngozi vikizama topeni. Katekista alipomaliza sala aliuliza kama kuna wasifu wa marehemu wa kusomwa. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua alizaliwa wapi. Ndipo Mzee Nkwabi aliposogea mpaka ukingoni, akavua kofia, akawageukia wale waliosimama kwenye maboma, na akapaza sauti kwa Kisukuma, taratibu, ili imfikie kila mtu.

"Anaitwa Nyamizi. Alizaliwa Usanda. Aliolewa hapa akiwa msichana, mtoto wake wa tumboni akafa, akalea wa mwenzake. Alimlea Masanja. Alilima, alifuga kuku, aliogopa ng'ombe wenye pembe ndefu. Hakumla mtu."

Akavaa kofia, akachukua jembe.